Kipa hapangwi kwa jina: hesabu ya Fantasi kutoka Meru hadi Embu

Kila timu ya Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza ina wachezaji 15. Wawili kati yao ni makipa, na mmoja kati ya hao wawili kwa kawaida hukaa benchi mwaka mzima bila kuitwa. Meneja mwenye haraka huwachagua mwisho, pesa zikiwa zimekwisha, baada ya kubishana na nafsi yake wiki nzima kuhusu Haaland, Salah, Palmer na Saka. Nashikilia kwamba ameanza kazi kinyume. Kipa ndiye anayeonyesha kama meneja anaijua kandanda au anajua majina tu, na sijaona watu wanaolielewa jambo hili kama mashabiki wa Meru na Embu.

Kwa asiyeucheza mchezo huu, mambo ni hivi. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15 wasiozidi watatu kutoka klabu moja, kisha kila wiki unaingiza 11 uwanjani. Wanachokifanya kwenye mechi halisi hugeuzwa pointi. Mchezaji aliyecheza dakika 60 ana pointi 2. Kipa asiyefungwa, yaani mwenye klinishiti, anaongezewa 4. Kila makombora matatu anayookoa yanampa 1, penalti anayoipangua inampa 5, na kila mabao mawili anayofungwa yanamkata 1. Mchezo rasmi ulianza msimu wa 2002/03, na siku hizi una timu zaidi ya milioni 11 duniani. Hauna kiingilio. Ndiyo maana nauheshimu kuliko mikeka ya kamari inayowamaliza vijana wetu: hapa hutoi hata shilingi kujiunga, na ukikosea wiki hii una wiki nyingine za kurekebisha hadi mechi ya 38. Kuna makundi ambayo wanachama huchanga kidogo kwa M-Pesa na kumwekea mweka hazina wao hadi Mei, lakini hayo ni makubaliano yao wenyewe.

Ukishuka barabara kutoka Meru kwenda Embu, kupitia Nkubu, Chogoria, Chuka na Runyenjes, Fantasi haikuachi njiani. Iko kwenye hosteli za wanafunzi wa Nchiru na za Chuka, iko kwa waendesha bodaboda wa Makutano, iko Maua wakati madereva wa pikapu za miraa wanasubiri kupakiwa. Zamani miraa ya Nyambene ilikuwa ikipakiwa hivyo hivyo na kufika London ikiwa bado mbichi, mpaka Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014. Biashara ilikatika na machungu yake Igembe bado yapo. Mpira wa kule uliendelea kuja.

Makataa ndiyo yanayowaumiza wengi, na inafaa niyaeleze vizuri. Timu hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi ya mapema ya Jumamosi ikianza saa sita unusu mchana kule wakiwa kwenye saa zao za kiangazi, huku kwetu ni saa nane unusu, kwa hivyo makataa ni saa saba kamili. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa zao nyuma, na makataa yetu yanasogea hadi saa nane. Hapo hakuna anayepata hasara. Msiba huwa mwisho wa Machi, wanapozisogeza tena mbele: meneja aliyezoea saa nane anafungua simu saa saba na nusu na kukuta mlango umeshafungwa, na kipa wake majeruhi bado yuko langoni. Hakuna wiki ambayo utani huwa mkali kama hiyo.

Utani wenyewe ni sehemu ya mchezo. Huku mtu hasemi tu kwamba kipa fulani alicheza vibaya. Kipa anayefungwa ovyo ataitwa chujio mpaka msimu uishe. Anayetoka langoni bila mpango ataulizwa kama alisikia honi ya gari la miraa. Aliyemnunua naye ataitwa mlezi wa chujio, na jina hilo litaingia kwenye kundi la WhatsApp kabla ya refa kupuliza kipenga. Ukubwa wa klabu hauwazuii, wala tuzo za kipa, wala bei aliyonunuliwa. Nimeona wageni wakidhani ni kukosa adabu. Mimi naona ni nidhamu, kwa sababu anayejua atachekwa Jumapili jioni hufanya hesabu zake Ijumaa.

Mjini Embu, karibu na steji ya matatu, kuna kinyozi aliyebandika karatasi ya daftari nyuma ya mlango wa duka lake. Imechorwa mistari kwa biro: jina la kipa, bei, anayekutana naye wiki hii, makombora aliyookoa katika mechi tano zilizopita. Majina yaliyokatwa hayafutwi, yanapigwa mstari mmoja ili kila mtu aone aliyeanguka ni nani. Nilimkuta akimnyoa mwalimu mstaafu aliyetaka kipa wa Manchester City apandishwe hadi juu.

"Mwalimu, huyu anaokoa ngapi kwa mechi?" kinyozi akauliza, mashine ikiwa bado sikioni.

"Kijana wangu, hafikiwi! Ataokoa nini?"

"Ndiyo hiyo sasa, mwalimu. Hafikiwi, na siku akifikiwa anafungwa. Unabaki na mbili."

Hoja hiyo inahitaji kufunguliwa kwa tarakimu. Chukua makipa wawili Jumamosi moja. Wa kwanza yuko timu kubwa, mechi inaisha 1-1, kombora lililolenga lango mbali na lile bao ni moja tu, akalidaka. Ana pointi 2. Wa pili yuko timu inayopigania kubaki ligini, anapigwa 2-0, lakini ameokoa makombora tisa. Anapata 2 za dakika, 3 za kuokoa, anakatwa 1 ya mabao mawili: ana pointi 4. Aliyeshindwa amemzidi aliyetoka sare, tena maradufu, na bei yake iko chini kwa milioni moja au zaidi. Na siku huyo wa pili akibahatika asifungwe baada ya kuokoa sita, ana pointi 8 kabla ya bonasi wanayopewa waliong'ara kwenye mechi, na bonasi ya 3 haimkosi kwa urahisi.

Anayelima chai kwenye miteremko hii hahitaji kuelezwa mara mbili. Bonasi ya chai ikitangazwa, mkulima wa Imenti, Githongo, Mungania au Rukuriri haulizi kiwanda kimeuza chai ya mamilioni mangapi. Anauliza kilo moja imelipa shilingi ngapi, kisha analinganisha na kiwanda cha jirani. Kipa apimwe vivyo hivyo: kila milioni niliyotoa imenirudishia pointi ngapi?

Kipa Emiliano Martínez alianza msimu wa 2020/21 akiwa na bei ya milioni 4.5. Timu yake, Aston Villa, ilimaliza katika nafasi ya 11, nafasi ambayo haimtoi mtu nyumbani kwenda kuangalia mechi, lakini yeye alikusanya pointi 186. Hizo ni pointi 41 na ushei kwa kila milioni. Mohamed Salah, katika msimu wake wa 2024/25 uliovunja rekodi kwa pointi 344, alianza kwa milioni 12.5. Ukigawanya unapata 27 na nusu. Nakubali kwamba Salah huvishwa unahodha na pointi zake zikazidishwa mara mbili, jambo ambalo hakuna meneja timamu atakalomfanyia kipa. Hata hivyo, tofauti hiyo ya kila milioni ndiyo inayokuwezesha kumnunua Salah huyo huyo.

Martínez hakuwa peke yake. Nick Pope alipokuwa Burnley msimu wa 2019/20 alipata pointi 170 na klinishiti 15, naye alianza kwa milioni 4.5. David Raya alipokuwa Brentford msimu wa 2022/23 alifikisha 166, kwa bei hiyo hiyo ya kuanzia, akiwa ndiye aliyeokoa makombora mengi kuliko kipa mwingine yeyote wa ligi. Burnley, Villa, Brentford: timu tatu zilizopangwa vizuri nyuma, zilizokubali kupigiwa makombora kutoka mbali, na kila moja ikiwa na kipa aliyecheza wiki baada ya wiki. Kwangu, hapo ndipo utafutaji wa kipa unapoanza.

Mchezo wa kupanga wachezaji kwa pointi haukuzaliwa kwenye soka, na waliouanzisha walikuwa na ubishi kama huu wetu. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake wa New York walianzisha ligi ya kufikirika ya besiboli na kuipa jina la mkahawa walimokuwa wakila, La Rotisserie Française. Huko anayebishaniwa zaidi ni mrushaji anayeanza mechi. Hachezi kila siku kwa sababu mkono wake lazima upumzike siku kadhaa, kwa hivyo meneja huangalia zamu yake ijayo itaangukia dhidi ya nani. Andrew Wainstein alipoanza kuuza mchezo wa namna hiyo kwa mashabiki wa soka Uingereza mwaka 1991, macho ya watu yalihamia kwa wafungaji. Jirani zetu wa Uganda wanaujua mrusho: mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Kombe la Dunia la Little League kule Williamsport, na mrushaji David Matoma amesajiliwa na Pittsburgh Pirates. Ninachotaka tukikope kwa watu wa besiboli ni ile tabia ya kutazama zamu. Nunua makipa wawili wa milioni 4.5 ambao ratiba zao zinapishana, mmoja akiwa nyumbani dhidi ya timu dhaifu wakati mwingine yuko ugenini Anfield, uwabadilishe kila wiki. Inataka kazi ya dakika kumi kila Ijumaa. Wengi hawataki kazi hiyo.

Sasa majina. Raya wa Arsenal ndiye salama zaidi, na sitabishana na anayemtaka. Alitwaa Glovu ya Dhahabu msimu wa 2023/24 kwa klinishiti 16, kisha akaigawana na Matz Sels wa Nottingham Forest msimu uliofuata, 13 kwa 13. Tatizo ni nafasi. Unaruhusiwa Wanabunduki watatu tu, na tangu msimu wa 2025/26 beki anayefikisha vitendo kumi vya ulinzi katika mechi anaongezewa pointi 2. Kipa hayumo kwenye utaratibu huo. Gabriel Magalhães anapata klinishiti ile ile ya Raya, anaweza kupata hizo mbili za ulinzi, halafu anapanda kwenye kona na kufunga kwa kichwa bao la pointi 6. Mashabiki wa Arsenal, nao ni wengi Meru kuliko mabango ya wanasiasa, huniambia namdharau kipa wao. Simdharau. Nataka nafasi yake apewe beki wake.

Jordan Pickford wa Everton nampanga juu ya wote wa bei yake. Msimu wa 2024/25 alicheza mechi zote 38 za ligi. Haguswi na mzunguko wa kocha, hapumzishwi kwa ajili ya Ulaya, na timu yake hupigiwa vya kutosha kumpa pointi za kuokoa hata siku anayofungwa. Kenya iliifahamu Everton kwa karibu kuliko klabu nyingi za Uingereza, tangu walipokutana na Gor Mahia Dar es Salaam mwezi Julai 2017, lakini sijamkuta anayemchagua Pickford kwa sababu ya kumbukumbu hiyo. Wanamchagua kwa kuwa yuko langoni kila wiki.

Sels ni mfano ambao kila meneja anapaswa kuuangalia kwa makini. Msimu ule wa klinishiti 13 Nottingham Forest walimaliza wa saba na aliyemnunua mapema alicheka mwaka mzima. Msimu uliofuata watu walimkimbilia tena, safari hii kwa bei ya juu. Septemba 2025 klabu ikamfuta kazi kocha Nuno Espírito Santo, ikamleta Ange Postecoglou akakaa siku 39, ikamleta Sean Dyche. Kipa ni yule yule na glovu ni zile zile. Ukuta uliokuwa mbele yake ndio ulioyumba. Pointi za mwaka jana haziliwi mwaka huu, na kwenye ile karatasi ya kinyozi jina la Sels lilikuwa miongoni mwa yaliyopigwa mstari.

Gianluigi Donnarumma alifika Manchester City mwaka 2025 akiwa bingwa wa Ulaya na Paris Saint-Germain na mchezaji bora wa Euro 2020. Ni kipa bora duniani na sina neno juu ya mikono yake. Kwa Fantasi namweka nyuma ya Pickford bila kusita, kwa sababu zile alizozieleza kinyozi: timu inayomiliki mpira humwachia kipa wake kazi kidogo, na kombora moja la kushtukiza linamfutia klinishiti. Martin Dúbravka wa Burnley, aliyeanza msimu wa 2025/26 kwa milioni 4.0, bei ya chini kabisa iliyopo, alikuwa na kazi kila Jumamosi. Kumpata kipa wa bei hiyo ambaye anacheza ni nadra, na meneja aliyemwona Agosti alikuwa na milioni moja na nusu ya ziada ya kuipeleka kwenye kiungo. Robin Roefs wa Sunderland, aliyeanza msimu huo kwa 4.5, nampanga jirani na Pickford: timu iliyokuwa imetoka kupanda daraja, inayolinda kwa moyo, yenye kipa kijana anayedaka kila kitu.

Kuna wanaonunua kipa wakitumaini atafunga bao. Ni kweli Alisson aliwafungia Liverpool kwa kichwa dakika za nyongeza dhidi ya West Bromwich tarehe 16 Mei 2021, na tangu 2024/25 bao la kipa lina pointi 10. Usimnunue mtu kwa hilo.

Moyo nao una sehemu yake, na hapa Meru na Embu hawafanani na tarakimu zao. Édouard Mendy alipokuwa Chelsea akapata klinishiti 16 katika ligi ya 2020/21, na mwaka huo wa 2021 akawa bingwa wa Ulaya, timu nyingi za huku zilikuwa naye, na furaha yake ilikuwa yetu: Msenegali, Mwafrika, langoni mwa klabu kubwa. André Onana alipokwenda Manchester United mwaka 2023 watu walimnunua kwa moyo ule ule. Makosa yake yalichekwa bila huruma, lakini nilichokiona ni kwamba waliomcheka zaidi ndio waliomvumilia zaidi kwenye timu zao, wiki baada ya wiki, wakisema atatulia. Hesabu ilisema wamtoe. Siwalaumu. Nashauri tu kwamba moyo upewe nafasi moja kati ya 15, na isiwe ya kipa, kwa sababu kipa uliyemchagua vibaya haokolewi na mtu wa benchi asiyecheza.

Macho haya tuliyoyanoa kwa mechi za Uingereza tuyatumie pia kwenye uwanja wa Kinoru wa Meru na Moi Stadium ya Embu. Kinoru ilikarabatiwa ili ipokee CHAN ya 2018, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, lakini yakaondolewa Kenya na kupelekwa Morocco. Yalipokuja hatimaye Agosti 2025, tukiandaa pamoja na Tanzania na Uganda, mechi za hapa kwetu zilichezwa Nairobi. Tarehe 10 Agosti Harambee Stars waliifunga Morocco 1-0 Kasarani wakiwa wamebaki kumi uwanjani, Byrne Omondi akiwa langoni. Mwekee Omondi kanuni zile zile: 2 za dakika, 4 za klinishiti, halafu hesabu kila kombora aliloligusa Wamorocco wakimzingira kipindi chote cha pili, halafu weka bonasi. Hakuna kipa wa Uingereza aliyempa meneja wa Maua furaha kama ile, na Omondi hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Wazee wa Embu hawakubali mjadala huu uishie kwa Omondi. Wanamrudisha Mahmoud Abbas, aliyeitwa "Kenya One", wa enzi ile Kenya ilipotwaa Kombe la Challenge la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Wanataka kujua angeuzwa kwa bei gani kama Fantasi ingekuwepo. Vijana wanasema 5.0, wakihofia kwamba ukuta wa Harambee Stars ulikuwa mzuri mno na hakupigiwa vya kutosha. Mimi nasema 5.5, na ningemnunua siku ya kwanza ya msimu, kabla bei haijapanda.